Vyakula na vinywaji vya miujiza: toka Gilgamesh mpaka Kikombe cha Babu, kila kimoja na sharti lake

Mada ya leo ni ndefu kiasi, kwa hiyo kama dakika zako za kafe zinaelekea ukingoni, ikopi uweke kwenye flashi ukasome kwa nafasi.

Hakuna kabila wala nchi isiyokuwa na hadithi ya kitu cha kula au kunywa chenye nguvu isiyo ya kawaida. Kuna tunda la kutokufa, kuna maji ya kuzuia risasi, kuna mchuzi wa kumtuliza mume. Wengi tunazijua moja moja, ila ukizipanga pamoja unaanza kuona jambo: karibu kila moja inakuja na SHARTI. Usile cha huko. Usioge. Usiguse mwanamke. Kunywa hapa hapa. Usimwambie mtu. Shika hilo neno, tutalirudia mwishoni, maana hapo ndipo mambo yanapotoka kwenye hadithi na kuingia kwenye maisha ya watu.

Nimezigawa kwenye makundi sita kufuatana na kazi ya hicho chakula au kinywaji.

1. VYA KUISHI MILELE

Hili ndilo kundi maarufu kuliko yote. Hadithi ya zamani sana ni ya Gilgamesh, mfalme wa mji wa Uruk, ambao leo ni magofu nchini Iraki. Iliandikwa kwenye vibao vya udongo. Rafiki yake Enkidu alipokufa, Gilgamesh aliingiwa na hofu ya kifo, akaenda mpaka mwisho wa dunia kutafuta dawa. Akaambiwa kuna mmea chini ya bahari unaomrudisha mzee ujanani. Jamaa akajifunga mawe miguuni, akazama, akauchuma. Ila hakuula pale pale. Njiani akasimama kuoga, nyoka akaja akaubeba. Ndiyo sababu, wanasema, nyoka anajivua gamba na kuwa mpya wakati binadamu anazeeka tu.

Huko huko Mesopotamia kuna kisa cha Adapa. Huyu aliitwa mbinguni, na kabla hajaenda mungu wake Ea akamuonya: utapewa mkate na maji ya kifo, usile, usinywe. Adapa akatii. Kumbe alichopewa kule ulikuwa mkate na maji ya UZIMA! Kwa kutii sharti akakosa kuishi milele. Wasomaji wanabishana mpaka leo kama Ea alimdanganya makusudi au na yeye hakujua.

Wagiriki walisema miungu yao inakula ambrosia na kunywa nekta. Wanorse wa Ulaya ya kaskazini walikuwa na matofaa ya mungu wa kike Idun, na siku alipoibiwa yeye na matofaa yake, miungu yote ikaanza kuota mvi. Wahindi wana amrita, iliyopatikana baada ya miungu na maasura kuisukasuka bahari ya maziwa kwa kutumia mlima kama mpekecho na nyoka mkubwa kama kamba. Wachina wana mapichi ya Xi Wangmu, na mtu akisoma Safari ya Magharibi atakutana na nyani Sun Wukong akiyabugia kwenye bustani aliyopewa ailinde. Kwenye visa vya Kiarabu na Kiajemi, Khidhri ndiye aliyekunywa maji ya uzima, na Iskandar na ukubwa wake wote akayakosa.

Sasa China hawakuishia kwenye hadithi. Waliitafuta kweli hiyo dawa. Wataalamu wa kale walipika michanganyiko yenye zebaki wakiamini inazuia kifo, na zebaki ni sumu. Inasimuliwa kwamba Qin Shi Huang, mfalme aliyeiunganisha China na kufa mwaka 210 KK, alikuwa akitumia dawa za namna hiyo. Mfalme Wuzong wa nasaba ya Tang, aliyefariki mwaka 846, wanahistoria wengi wanaona aliuliwa na dawa zenyewe za kuishi milele. Kutafuta uzima kukawaletea kifo. Mkumbuke msaka uzima mwingine wa China, Ge Hong. Tutamrudia chini.

2. VYA KUKUFUNGA

Hapa kanuni ni moja: ukila cha watu, umekuwa wao. Persephone, binti wa Demeter mungu wa mazao wa Wagiriki, alichukuliwa na Hades akapelekwa kuzimu. Mama yake akasusa, mashamba yakakauka dunia nzima. Ikabidi binti arudishwe, lakini alikuwa ameshakula komamanga ya kuzimu. Basi kila mwaka lazima arudi kule kwa sehemu ya mwaka, na wakati huo duniani hakuoti kitu.

Wajapani wana kisa kinachofanana, kimeandikwa kwenye kitabu cha Kojiki cha mwaka 712. Izanami alikufa, mume wake Izanagi akamfuata huko Yomi, nchi ya wafu. Mke akajibu: umechelewa, nimeshakula chakula cha huku. Akaomba nafasi ya kuzungumza na wakubwa wa kule, kwa sharti kwamba mume asimchungulie. Mume akashindwa kuvumilia, akawasha moto, akakuta mwili umeoza. Mbio zikaanzia hapo.

Wagiriki na Wajapani wako mbali sana kwa ramani, ila hata kwetu ukiwa mdogo unaambiwa usile kwa watu usiowajua. Chakula ni undugu. Anayekulisha ana haki fulani juu yako. Hadithi zimelichukua hilo jambo la kila siku na kulipeleka mpaka kuzimu.

3. VYA MAPENZI

Tufike kwenye limbwata, najua kuna watu wameruka moja kwa moja mpaka hapa.

Kwa wasomaji wa nje ya Tanzania: limbwata ni dawa inayosemekana mwanamke anamwekea mwanaume kwenye chakula au kinywaji ili atulie, amsikilize yeye tu. Masharti yake ni mengi na kila mganga ana ya kwake, ila kubwa ni kwamba mwanaume asijue kabisa.

Ulaya nao walikuwa nayo. Kisa cha Tristan na Isolde kilivuma sana enzi za kati. Isolde alikuwa anasafirishwa kwa meli toka Ireland kwenda kuolewa na Mfalme Mark wa Cornwall, mama yake akatengeneza kinywaji cha mapenzi ili anywe na mume wake. Kwa bahati mbaya kikanywewa na Isolde pamoja na Tristan, mpwa wa mfalme aliyetumwa kumleta. Wakapendana mpaka kufa. Ukiangalia vizuri, kile kinywaji kinawapa udhuru: si sisi, ni dawa.

Limbwata nalo linafanya kazi hiyo hiyo mtaani. Mwanaume akionekana anaosha vyombo, anabeba mtoto mgongoni au anampa mke mshahara, utasikia "huyo kashawekewa". Yaani kumsikiliza mkeo ni ugonjwa! Na mwanaume akiitelekeza familia ya kwanza akahamia kwa mwingine, ndugu wanasema kalishwa, kwa hiyo lawama zote zinahamia kwa mwanamke aliyepika. Ukiacha utani, wapo wasichana wanaouziwa unga usiojulikana umetokana na nini wakamwekee mtu kwenye mboga. Mtu akiharisha au figo zikipata shida, hospitali hawajui waanzie wapi, maana hakuna anayejua alikula nini na aliyeweka hatasema.

4. VYA KUPIMA UKWELI

Mwavi ni sumu ya magome ya mti iliyotumika kusini mwa Tanzania, Malawi, Zambia na Msumbiji kumpima mtu anayetuhumiwa uchawi. Unakunywa mbele ya watu. Ukitapika, huna hatia. Usipotapika, unakufa, na kifo chako ndio ushahidi. Serikali za kikoloni zilipiga marufuku.

Madagaska walikuwa na tangena, kokwa yenye sumu ya moyo. Enzi za Malkia Ranavalona wa Kwanza, aliyetawala 1828 mpaka 1861, kiapo hicho kiliua watu wengi mno kabla ya kupigwa marufuku miaka ya 1860. Calabar, kusini mashariki mwa Nigeria, walitumia haragwe la sumu. Maelezo yanayotolewa kuhusu haragwe hilo ni kwamba mtu anayejiamini hana hatia anakunywa kwa mkupuo, tumbo linakataa, anatapika. Mwenye wasiwasi anakunywa kidogo kidogo, sumu inapata muda wa kuingia mwilini. Kwa hiyo hata asiye na kosa, akiwa muoga tu, amekwisha.

Cha kushangaza, mwaka 1864 wanakemia walitenga kemikali toka kwenye haragwe hilo, ikaitwa fisostigmini, na ikaja kutumika kutibu presha ya macho. Mmea ni ule ule. Kilichobadilika ni kipimo na swali lililoulizwa.

5. VYA KUZUIA RISASI

Hapa tunafika nyumbani. Mwaka 1905 watu wa kusini mwa Tanganyika walikuwa wamechoshwa na utawala wa Wajerumani: kodi, viboko, na kulazimishwa kulima pamba isiyowanufaisha. Pale Ngarambe alitokea Kinjikitile Ngwale, aliyesemekana kupandwa na roho wa Hongo. Alitoa maji yaliyochanganywa na mtama na mafuta ya nyonyo. Watu waliyanywa, wakanyunyiziwa, wakaambiwa risasi za Mjerumani zitageuka maji.

Masharti yalikuwepo: wapiganaji wasilale na wanawake, wasipore mali za watu.

Vita ilianza Julai 1905 kule Umatumbini kwa kung'oa pamba. Kinjikitile mwenyewe alikamatwa na kunyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti, vita ikiwa changa kabisa. Tarehe 30 Agosti maelfu ya wapiganaji waliishambulia boma ya Mahenge, wakakutana na bombomu. Unajua kilichotokea. Baadaye Wajerumani wakachoma mashamba na maghala, njaa ikamaliza kazi. Wao wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000, na wanahistoria wa baadaye wametaja mpaka 250,000 na zaidi, wengi wao kwa njaa.

Ila tusiwacheke wale wazee. Maji yale yalifanya kitu ambacho hakuna chifu mmoja angeweza: Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wangoni na wengine, watu waliokuwa hawana jeshi moja wala lugha moja, wakasimama pamoja kwa sababu wamekunywa kitu kimoja. Ebrahim Hussein kwenye tamthilia yake Kinjeketile ya mwaka 1969 aliligusa hilo hilo: je, kiongozi afanyeje na imani inayowaunganisha watu lakini haiwezi kuwakinga?

Na haikuishia Majimaji. Mwaka 1964 mashariki mwa Kongo wapiganaji wa Simba waliingia vitani wakipaza sauti "Mai Mulele!", maji ya Mulele, wakiwa na miko kibao, ikiwemo kutogusa wanawake na kutogeuka nyuma mbele ya adui. Toka miaka ya 1990 vikundi vya Mai-Mai vya huko huko Kongo vimebeba jina la maji hayo hayo, na watoto wadogo wamepelekwa kwenye mstari wa mbele wakiamini wamekingwa.

6. VYA KUPONYA

Pwani kuanzia Lamu mpaka Zanzibar kuna kombe: aya za Kurani zinaandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zinaoshwa kwa maji au marashi ya waridi, mgonjwa anakunywa. Ni jambo la imani, na wenye dini wenyewe wana maoni tofauti juu yake. Wengi wanaokunywa kombe wanakwenda na hospitali pia, hawaoni mgongano.

Kikombe cha Babu kilikuwa habari nyingine. Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa KKKT, alisema ameoteshwa na Mungu dawa ya mizizi ya mti unaoitwa mugariga. Alikuwa akiichemsha kijijini Samunge, Loliondo, na kufikia Machi 2011 Afrika Mashariki nzima ilikuwa inaelekea huko. Kikombe shilingi 500. Magari yakapanga foleni ya kilomita kwa kilomita, wenye uwezo wakaenda kwa helikopta, mawaziri wakanywa mbele ya kamera. Magonjwa yaliyotajwa ni pamoja na kisukari, kansa na UKIMWI.

Masharti: kikombe kimoja tu. Kitoke mkononi mwa Babu. Unywe pale pale Samunge, ukibeba kupeleka nyumbani haifanyi kazi.

Hapa siandiki kumchafua marehemu. Mwasapile alifariki Julai 2021, na shilingi 500 si bei ya tapeli, nauli ndiyo iliyokuwa inaumiza. Lakini wagonjwa mahututi walitolewa wodini kupelekwa porini, na taarifa za wakati ule zilihesabu makumi waliofia njiani au kwenye foleni. Na wapo waliorudi nyumbani wakaacha ARV au dawa za kisukari kwa sababu walishakunywa. Virusi na sukari havikuwa na habari na kikombe.

SASA TURUDI KWENYE SHARTI

Ukizipitia hizo hadithi zote, sharti linafanya kazi tatu.

KWANZA, linatunza heshima. Sharti la kutopora liliwapa nidhamu wapiganaji wa Majimaji. Sharti la kutokula ovyo linamlinda mtoto. Hilo ni zuri.

PILI, linamlinda mtoa dawa. Dawa ikifanya kazi, sifa ni zake. Ikigoma, kosa ni lako: uliangalia nyuma, ulimgusa mwanamke, hukuamini vya kutosha. Mwenzako akianguka kwa risasi ni rahisi kusema alivunja mwiko. Aliyekufa hawezi kujitetea.

TATU, linazuia kupima. Ukiambiwa usiibebe, usimuoneshe mtu, usiulize imetengenezwa na nini, maana yake hakuna atakayejua kama inafanya kazi au la.

KWA HIYO YOTE NI UONGO?

Hapana, na hapa namrudisha Ge Hong. Huyu aliishi China karne ya 4, alikuwa mmoja wa wale wasaka dawa ya kutokufa. Hakuipata. Ila aliandika pia kitabu cha tiba za dharura, na humo akasema ukiwa na homa za vipindi chukua mmea wa qinghao, ambao ni aina ya pakanga, uloweke kwenye maji, ukamue, unywe.

Miaka zaidi ya 1,600 baadaye, mwanasayansi Tu Youyou alikuwa anatafuta dawa ya malaria kwa ajili ya serikali ya China. Akausoma mstari huo, akagundua kwamba Ge Hong hakusema uchemshwe. Joto ndilo lilikuwa linaharibu dawa! Akabadilisha njia, akapima kwa wanyama, kisha akainywa mwenyewe pamoja na wenzake kabla ya kuwapa wagonjwa. Matokeo yake ni artemisinini, na mwaka 2015 akapata tuzo ya Nobel. Dawa iliyotokana nayo ndiyo iliyomo kwenye ALu, dawa mseto ambayo Tanzania ilianza kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwishoni mwa 2006. Yaani wewe msomaji inawezekana kabisa umeshameza urithi wa msaka uzima wa China.

Na ALu nayo ina masharti! Dozi sita kwa siku tatu, umalize hata ukijisikia umepona, na ule chakula chenye mafuta kidogo. Tofauti ni nini? Uliza kwa nini. Utajibiwa kwamba mafuta yanaisaidia dawa kuingia mwilini, na ukikatisha dozi vijidudu vinabaki. ARV nazo kila siku, kwa sababu ukiacha virusi vinaamka. Sharti lina sababu, sababu imepimwa, na dawa ikishindwa wanaichunguza dawa, hawakuhukumu wewe peke yako.

Basi siku mtu akikuletea kikombe, chupa au unga wa maajabu, hata kama ni mtu wa dini, hata kama ni ndugu, uliza mambo matatu:

- Sharti hili lina sababu gani?
- Ikishindwa, nani atawajibika?
- Nikinywa hii, naambiwa niache dawa gani ninayotumia sasa?

Hilo la tatu ndilo kubwa. Hadithi za Gilgamesh na Persephone simulia mpaka usiku wa manane, ni tamu na hazimdhuru mtu. Ila mtu akikwambia acha dozi yako, hapo hadithi imekwisha. Mrudishie kikombe chake.

Kwenu mnasimuliaje? Kuna tunda, maji au pombe ya maajabu kwenye kabila lenu ambayo sijaitaja? Tupia hapo chini kwenye maoni, na usisahau kutaja SHARTI lake.